Moshi Nyuma ya Ghala

Mimi sikuwa na ugomvi na moshi mpaka Halfani alipojenga ghala. Watu wakinisikia nasema hivyo wanacheka, wanasema Mama Naima kaanza tena. Wacheke. Kiwanda chake cha kukaanga na kubangua korosho kilikuwepo kabla ya ghala, msimu mzima, bomba la moshi likitema moshi wake mweusi, na sisi majirani tulikula na kulala vizuri, na mume wangu Bwanali alipumua kama watu wengine. Pumu alikuwa nayo, sikatai. Alikuja nayo alipokuja kunioa. Lakini ilikuwa pumu ya adabu: inabisha hodi wakati wa baridi ya mwezi wa saba, anameza vidonge vyake, inakwenda zake.

Hiyo ilikuwa miaka ile soko huria limepamba moto. Viwanda vikubwa vya serikali vilikuwa vimefungwa, mageti yanaota kutu, na kila mwenye mizani na magunia anajiita mnunuzi wa korosho. Newala ilijaa magari ya watu tusiowajua. Halfani sisi tulimjua, mtoto wa hapa hapa, marehemu mama yake alikuwa shoga yangu. Alipopata kibali alinunua kiwanja kinachopakana na changu, akajenga tanuri, akasimamisha bomba, akawaita akina mama wa mtaa wabangue. Nilimpongeza, hata nikampelekea jogoo. Mwaka uliofuata korosho zikamzidi, akajenga ghala. Jamani, ghala! Mabati matupu, pana kama uwanja wa mpira, limesimama katikati, bomba lake upande wa kule na nyumba yangu upande wa huku. Bomba lilibaki refu kuliko paa la ghala, hilo hata kipofu angeambiwa angekubali.

Basi msimu ule ule Bwanali akaanza kubanwa mchana. Si mwezi wa saba, ni mwezi wa kumi na moja, jua linachoma! Na moshi wa korosho si moshi wa kuni. Ganda la korosho lina mafuta makali, ukiyashika yanakubabua vidole, na likiungua moshi wake unawasha macho na kukwaruza koo. Kila mchana ukawa unajaa uani kwangu, unaingia dirishani, unakaa ndani kama mgeni asiye na kwao. Bwanali anakaa ukingoni mwa kitanda ameshika magoti, mabega yanapanda yanashuka, midomo inageuka rangi. Mimi namtazama na kuomba Mungu, tena kwa sauti, maana niliogopa.

Nilimwendea Halfani.

"Mama yangu," akasema, "moshi unatokea kule juu. Nyumba yako iko huku chini. Utashukaje?"

"Wewe njoo mchana ujionee."

"Nitakuja, mama. Nikipata nafasi tu."

Nafasi! Nafasi ya kuruka kwenda Mtwara kila wiki alikuwa nayo, ya kuvuka ukuta mmoja hana. Mimi nilikuwa na maelezo yangu kichwani. Ghala lile lina milango mikubwa miwili, mmoja unatazama kiwandani na mmoja unatazama kwangu. Nikasema huyu anafungua yote miwili makusudi, moshi unapita humo ndani kama kwenye bomba jingine, unanitokea mimi. Nikaapa ni husuda, na husuda ya nini, sikujua.

Siku moja akaja wifi yangu Mwanasha, dada yake Bwanali, kutoka Chiwata. Hapa lazima nieleze. Kwetu sisi nyumba ni ya mwanamke. Hii ninayokaa ni ya mama yangu, na tangi la maji ya mvua lililo ubavuni nililichimbisha mwenyewe, nikalisakafia mwenyewe. Katika uwanda huu usio na kijito wala kisima, mtu haachi tangi lake akaenda kupanga kwingine. Mwanamume anakuja kwa mkewe. Lakini akiugua, akinyanyaswa, akichoka, dada yake yupo, na dada akija kumchukua huna la kumwambia. Mwanasha alimkuta kaka yake amejikunja kitandani, moshi umetanda chumbani. Mimi na yeye tumetaniana tangu siku ya harusi. Siku ile hapakuwa na utani, aliniita kwa jina langu.

"Nilikupa kaka mzima, Siti."

"Mzima yupi? Ulinipa na pumu yake."

"Nilikupa anapumua!"

Akamfungia nguo kwenye shuka, wakaondoka na gari la Masasi. Bwanali aliniangalia dirishani, hakuwa na pumzi ya kusema. Na mimi nikabaki na nyumba yangu na tangi langu. Nilimkosa. Nasema wazi, mimi mtu mzima sina aibu. Nilikosa hata ile redio yake inayokoroma, hata tabia yake ya kuacha maganda ya machungwa kwenye kiti. Tangu siku ile nilikuwa na neno moja tu moyoni: mume wangu arudi nyumbani, na apumue.

Nikaanza kelele. Nilikwenda ofisi hii, nikapelekwa ile, nikarudishwa ya kwanza. Nilikaa kwenye mabenchi yao mpaka makarani wakawa wananisalimia kwa jina. Mwishowe wakamleta mtaalamu, kijana anaitwa Optatus, injinia wa mambo ya hewa, amesoma Dar es Salaam na ng'ambo, lakini kwao ni Lulindi. Baba yake mkulima wa korosho, mama yake mkulima wa korosho. Nikafurahi. Nikasema huyu ni wetu, hatatudanganya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunirudishia mume?"

Akacheka, lakini hakudharau. Akapima bomba. Akauliza wanakaanga kiasi gani, moto wa namna gani, upepo unatoka wapi. Nikamwambia unapanda kutoka bonde la Ruvuma, unapita kiwandani, unapita ghalani, unakuja kwangu. Akapima kutoka bomba mpaka mlango wa jiko langu. Nikamkalisha nikampa chai, nikamuuliza atafanya nini na vipimo vyote vile.

"Kuna hesabu, mama. Unaiambia kompyuta bomba lina urefu gani, moshi una joto gani, upepo una kasi gani. Nayo inakuonyesha moshi utakwenda mpaka wapi, utagusa ardhi mahali gani, na ukigusa utakuwa mzito au mwepesi."

"Inaijua nyumba yangu?"

"Inajua iko umbali gani."

"Na ghala?"

"Ghala ni fupi kuliko bomba. Moshi unapita juu yake. Kwa hesabu hii ni kama halipo."

Sasa watu hunicheka, wananiambia Mama Naima ungeshtuka pale. Ningeshtuka kwa nini? Macho yangu yaliona alichoona yeye: bomba refu, ghala fupi. Nikamweleza habari yangu ya milango miwili na husuda. Akaandika kwa heshima zote.

Aliporudi na majibu tulikusanyika kiwandani, mimi, Halfani na wabanguaji wote. Akasema kompyuta inaonyesha moshi unapita juu ya nyumba yangu bila kushuka, unakwenda kutua mbali kwenye mikorosho, na huko unafika umeshakuwa mwepesi, haumdhuru mtu. Nikasema, kompyuta haijawahi kukaa uani kwangu. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama ana haki. Hesabu ijaribiwe, tuone kwa macho."

Nani alitaja salfa kwanza sikumbuki, nadhani tulitaja sote kwa pamoja. Salfa nani asiyeijua hapa? Ni ule unga wa njano tunaoupulizia mikorosho kwa mashine kuzuia ugonjwa wa ubwiri. Unaonekana ukiwa hewani, na ukitua unaonekana ulipotua. Tukakubaliana: mashine ya kupulizia itapandishwa juu ya paa la kiwanda, mdomo wake ulingane na mdomo wa bomba, tanuri likiwa limezimwa. Uani kwangu tutatandika nailoni nyeusi. Nailoni ikigeuka njano, Mama Naima kasema kweli. Ikibaki nyeusi, kompyuta imesema kweli.

Na saa? Saa hakuna aliyeuliza. Haki ya Mungu, hakuna hata mmoja. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ungali majanini na upepo umelala. Tumefundishwa hivyo na baba zetu, na wao na mabwana shamba. Ukimwona mtu anapuliza salfa mchana kwenye upepo utamuuliza kama ana akili timamu. Basi jogoo wa pili tulikuwa tumeshafika, Halfani na sweta lake, Optatus na kamera yake, mimi na nailoni yangu. Kulipopambazuka mashine ikanguruma. Unga wa njano ukapanda juu taratibu, ukasimama, ukajitanda kama hauna haraka, halafu ukasogea polepole upande wa barabara na kupotelea mikoroshoni. Kwangu hakikuanguka kitu. Nilipiga magoti nikapitisha kiganja juu ya nailoni. Nyeusi, na maji ya umande tu.

"Hesabu na macho vimekubaliana," akasema Optatus. Watu wakapiga makofi.

Na mimi, na mdomo wangu wote huu, nilifanyaje? Nilifurahi! Nilifurahi kwa sababu nilitaka kufurahi. Kama moshi haushuki, basi tatizo ni ile milango tu, na Halfani alikubali pale pale mbele ya watu kuifunga na kuitia kufuli. Milango ikifungwa, mume wangu anarudi. Optatus akanipa karatasi yenye mhuri, nikaifunga kwenye pindo la kanga, kesho yake nikapanda gari kwenda Chiwata.

Nilimkuta Bwanali barazani kwa dada yake, amenenepa, anachagua mbegu za mbaazi. Aliponiona alisimama mbegu zote zikamwagika. Mwanasha akatoka ndani.

"Karibu wifi. Umekuja kutusalimu au umekuja kuchukua?"

"Kuchukua. Karatasi hii hapa. Mtaalamu kapima, moshi haufiki kwangu."

"Karatasi imesema?"

"Imesema."

"Karatasi ina kifua?"

Tulirushiana maneno pale mpaka majirani wakatoka. Nilimwambia ana wivu kwa sababu mumewe mwenyewe alimkimbia. Akaniambia mimi nampenda mume kama watu wanavyopenda kiti, kiwepo tu. Bwanali akasimama katikati. "Dada, nashukuru umeniuguza. Lakini kwangu ni Newala." Akachukua shuka lake. Nilitoka Chiwata kichwa juu.

Optatus alikuwa bado yupo mjini, nikamwalika chakula cha mchana kesho yake, kumshukuru. Nilichinja kuku. Nikasonga ugali wa muhogo, nikapika kisamvu kwa nazi. Bwanali akakaa kwenye kiti chake, mgeni pembeni yake, wakaanza kuongea habari za Lulindi, fulani bado yupo, fulani kafa. Milango ya ghala ilikuwa imefungwa, kufuli naliona kwa macho yangu. Asubuhi wabanguaji walikuwa wamefanya kazi ya korosho za jana. Tanuri huwashwa mchana. Likawashwa. Na mchana Newala upepo unaamka, unapanda kutoka bondeni kwa nguvu unapeperusha hata ungo.

Hatukumaliza tonge la tatu. Moshi uliingia wote kwa mara moja, mzito, wa njano-kahawia, unachoma. Optatus akaanza kufuta macho. Bwanali akaweka tonge chini, akajaribu kusimama, akakaa. Akafungua mdomo na hakuna kilichoingia. Akanitazama mimi. Macho yale sitayasahau, alikuwa ananiuliza, na mimi ndiye niliyemleta.

"Mshike huku!" nikapiga kelele. Optatus akamshika kwapa, mimi miguu, tukamtoa nje, na nje ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Optatus akainua kichwa kutafuta upande wa kukimbilia, na nikamwona amesimama amekodoa macho, mume wangu mikononi.

"Unashuka," akasema. "Mama, unashuka nyuma ya ghala!"

Nami nikaangalia. Moshi ulitoka bombani, upepo ukaulaza juu ya paa la ghala vizuri kabisa, kama alivyosema siku zote. Lakini ulipofika ukingoni mwa paa haukuendelea. Ulijitupa chini, ukajiviringisha, ukarudi kuelekea ukuta wa ghala, ukazunguka tena uani kwangu. Milango imefungwa na kufuli juu. Husuda wala nini.

"Utatazama baadaye!" nikamfokea. "Beba mtu!"

Halfani alisikia kelele zangu, akaja anakimbia, na kwa mara ya kwanza akavuka ule ukuta. Alikohoa yeye mwenyewe mpaka akainama. Hakusema moshi utashukaje. Alileta pikapu yake hadi mlangoni, akampandisha Bwanali nyuma, na yeye akakaa nyuma naye akimwegemeza kifuani, akamwachia mtu mwingine usukani. Hospitali walimtia mpira wa hewa na sindano. Ilipofika jioni pumzi ikarudi kidogo kidogo, na rangi ya midomo ikarudi. Nilikaa chini sakafuni kando ya kitanda nimeshika kisigino chake tu, nikiogopa kushika pengine.

Mwanasha alifika kesho yake. Sijui nani alimpelekea habari. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Alisubiri mpaka kaka yake akaruhusiwa, akamfungia shuka lake, akanigeukia.

"Hutamchukua tena, Siti. Siku ukimtaka tena njoo umzike."

Nikawasindikiza mpaka kwenye gari, nikarudi nyumbani peke yangu.

Optatus alikuja nyumbani siku ile ile. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja msibani. Nilimsema. Nilimsema yeye, na kompyuta yake, na waliomsomesha, na karatasi nikaitupa mbele yake na mhuri wake. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniomba ungo.

"Mama, ukipepeta mtama ukiwa umeupa upepo mgongo, makapi yanakwenda wapi?"

"Yananirudia usoni na kifuani. Kila mtu anajua. Ndiyo maana unasimama ubavu."

"Mwili wako ndio unaoyarudisha. Upepo unakupita, lakini mbele yako, pale ulipoukinga, kunabaki mahali pasipo na upepo wa moja kwa moja. Hewa inajizungusha pale na kuyavuta makapi. Ghala linafanya hivyo hivyo, na ghala ni kubwa, mvuto wake unafika juu kuliko paa lake. Bomba kulizidi ghala kidogo hakutoshi. Mdomo wake bado uko ndani ya ule mvuto. Hesabu ina mahali pa kuandika majengo, mama. Mimi niliacha patupu, nikaipa ardhi tambarare kama hapa hapajajengwa kitu."

"Na salfa je? Si tuliona wote?"

Akashika kichwa. "Salfa tulipuliza alfajiri. Upepo umelala. Bila upepo ghala halina cha kuvuta. Nimekulia mikoroshoni, mama, nikapuliza salfa kama mtoto wa mikoroshoni. Hata sikuwaza saa nyingine."

Nilitaka kumkasirikia tena, hasira ikakataa kuja, maana na mimi nilikuwepo alfajiri ile nimepiga magoti, na nimepuliza salfa kabla yeye hajazaliwa. Nikamwambia akae ale. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, nikasema, na mimi sitaki kungoja, nataka kujua linafanyika nini.

Alirudia hesabu, safari hii akaandika ghala, urefu wake kwenda juu na upana wake. Majibu yakageuka chini juu. Pale palipokuwa hapana kitu, uani kwangu, ndipo palipokuwa pabaya kuliko mahali pote mjini. Akaonyesha na bomba linatakiwa lifike wapi ili mdomo wake utoke nje ya ule mvuto. Halfani aliona ule urefu akashusha pumzi. Nilijiandaa kwa vita, nikafunga kanga kiunoni kabisa. Hapakuwa na vita. Alisema, "Yule mzee nilimshika mimi nyuma ya gari, nikasikia kifua chake kinavyolia." Akazima tanuri. Akaita mafundi, wakaunganisha bomba juu ya bomba, wakalifunga kwa waya za chuma pande zote. Akina mama wabanguaji walikaa bila kazi siku zote hizo, na wengine waliniangalia kwa jicho baya sokoni. Niliwaangalia vile vile.

Tanuri likawashwa tena mchana mmoja wenye upepo mkali. Optatus alikuwa uani kwangu. Moshi ulitoka kule juu kabisa, ukalala na upepo, ukavuka ghala, ukavuka nyumba yangu, ukaenda zake. Nilikaa hapo kila mchana kwa wiki nzima. Harufu kidogo siku moja moja, basi. Optatus akanipa karatasi mpya.

"Hiyo kaa nayo," nikamwambia. "Wewe mwanangu nakuamini. Lakini mimi nina kifua cha ng'ombe, nikikaa hapa nikapumua haijathibitisha kitu. Ile ya kwanza ilikuwa na mhuri pia."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu. Moshi umeondoka, mume yuko Chiwata, na mimi naogopa kumwita. Ningemwambia nini? Njoo tujaribu? Mtu anajaribiwa mara ngapi?

Nikaenda Chiwata hivyo hivyo, mikono mitupu, kumjulia hali. Mwanasha alinikaribisha kwa mdomo tu, si kwa moyo.

"Umekuja kuchukua?"

"Hapana wifi. Nimekuja kuona."

Nikawasimulia yote, ghala, ungo na makapi, salfa ya alfajiri, bomba jipya. Bwanali akasema yuko tayari, twende, amechoka kula kwa dada. Nikasema hapana. Nilisema mimi mwenyewe! Nikalia hapo hapo barazani, nikamwambia nataka urudi kuliko kitu chochote, na kukuita siwezi, kwa sababu mara ile ulikuja kwa neno langu. Mwanasha alikuwa anakuna nazi. Alikuna mpaka kifuu kikaanza kutoa vumbi.

Asubuhi alitoka chumbani amejifunga kanga mbili na viatu miguuni. "Kaka, wewe kaa. Siti, twende." Nilidhani anakuja kumtukana Halfani, na kwa kweli nilikuwa tayari kumsaidia. Tulipofika kwangu hakuingia hata ndani.

"Kiti chake kiko wapi?"

Nikakileta. Akakichukua mwenyewe, akakiweka uani nyuma ya ghala, pale pale moshi ulipokuwa ukijizungusha, akakaa.

"Wanawasha saa ngapi?"

"Mchana, upepo ukiamka. Wifi, kwani unataka nini?"

"Mimi na Bwanali tumenyonya titi moja," akasema. "Kifua chake na changu ni kimoja, pumu ile ile. Hukujua kwa sababu kwangu moshi haujawahi kufika, na sipendi kuhurumiwa. Sasa acha niukalie huu moshi wenu."

Lo! Nilimshika mkono nimwinue, akanisukuma. Nikamwambia, wifi ondoka, tusi lolote nililokutukana nalifuta, ondoka hapo. Kikikushika nitawaambia nini Chiwata?

"Waambie nilikaa mwenyewe."

Upepo ukaamka. Nikasikia mlango wa tanuri unafunguliwa, na sauti za akina mama, na baadaye ile harufu ya mwanzo ya ganda. Moshi sikuutazama. Nilitazama mabega ya Mwanasha, maana mabega ndiyo yanayosema kwanza, nayajua miaka yote hii kwa kaka yake. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, amefumba macho, anavuta hewa kwa pua, ndefu, anaiachia, anavuta nyingine. Kila akivuta mimi nabana yangu. Upepo ulikuwa unagonga mabati ya ghala. Mara moja alikunja uso, nikaruka kumwendea, akapiga chafya tu. Alikaa hivyo mpaka wabanguaji wakanawa mikono na kuanza kutoka, na tanuri likazimwa.

Akafumbua macho akaomba maji. Nilichota tangini, akanywa kikombe chote, akafuta mdomo.

"Siti, tuma mtu Chiwata," akasema. "Kaka yangu arudi kwake."

Nilianguka mchangani nikamkumbatia miguu, nikalia na kamasi juu, mimi Mama Naima ambaye mtaa mzima unaogopa mdomo wangu. Mwanasha aliniacha nilie kidogo, halafu akanigonga begani.

"Inuka bwana, unaniloanisha kanga."